Upole wa Baridi

Injini mpya haizunguki. Hilo ndilo linalomshangaza mtu anayeshika injini ya gari la rimoti la nitro kwa mara ya kwanza. Unaitoa kwenye boksi, inatosha kiganjani, unajaribu kuizungusha flaiwili yake kwa dole gumba, inakwenda robo mzunguko halafu inagota. Unadhani umeuziwa kitu kibovu. Mpwa wangu, ambaye ana miaka 12, alinitazama kama mtu aliyetapeliwa.

"Anko, imekufa?"

Haijakufa. Imebana, na imebana kwa makusudi. Hebu nieleze kidogo, maana yote nitakayosema yamesimama juu ya huku kubana, na hata wewe ambaye hujawahi kushika bisibisi utanielewa.

Injini yetu ina ujazo wa sentimita 2.5, yaani nusu ya kijiko cha chai. Haina ringi za pistoni kama pikipiki. Pistoni ni ya alumini, na slivu inamopanda na kushuka ni ya shaba nyeupe iliyopakwa kromu kwa ndani. Kinachozuia mgandamizo usivuje ni jinsi vyuma hivyo viwili vinavyokaana, basi. Sasa, slivu hiyo haikuchongwa sawasawa kama bomba. Juu ni nyembamba kuliko chini, kwa tofauti ambayo jicho halioni ila kidole kinaihisi: pistoni ikipanda hadi kileleni inabanwa. Huko juu ndiko moto unakowaka. Injini ikishapata joto lake, shaba ya juu inatanuka zaidi ya ile ya chini, ule wembamba unatoweka, na pistoni inapita bila kusukumwa. Kwa hiyo fundi aliyeichonga aliikosea kwa makusudi ikiwa baridi, ili iwe sahihi saa ya kazi.

Mashine za kiwandani hufika karibu tu. Hatua ya mwisho humalizwa na pistoni na slivu zenyewe zikisuguana katika saa ya kwanza ya maisha yao. Kazi hiyo naiita kuizoesha injini, maana sijapata neno jingine linalotosha. Ikiharibika hapo, hairekebishiki. Chuma kilichosagika hakirudi.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Kitu kipya kinachobana, unakianzaje?

Kuna majibu mawili, na watu wa mchezo huu wamegombana juu yake kwa miaka mingi. La zamani linasema: taratibu. Legeza sindano ya kabureta mafuta yaingie kwa wingi, iache injini ingurume palepale kwenye kisanduku magurudumu yakiwa hewani, moshi wa buluu utoke, tangi baada ya tangi, na usiiache ipate joto. Mafuta ya injini hizi ni methanoli, nitromethani (yetu ni asilimia 20), na mafuta ya kulainisha yaliyochanganywa humo humo, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuyaweka. Mafuta mengi yakiingia, ulainishaji ni mwingi na ubaridi ni mwingi. Vijitabu vingi vilivyokuja na injini viliandika hivyo, na mimi nilivipenda. Vilisikika kama nyumbani. Polepole ndio mwendo. Haraka haraka haina baraka.

Jibu la pili linasema ipashe moto kabla hujaiwasha, kisha iendeshe katika joto lake la kazi tangu dakika ya kwanza, kwa muda mfupi, uizime, ipoe kabisa, urudie. Niliposikia hivyo mara ya kwanza niliona ni ukatili wa watu wasio na subira.

Miaka mitatu iliyopita nilinunua injini ya kwanza nikaizoesha kwa upole wote niliokuwa nao. Matangi sita. Nilikuwa nikigusa kichwa chake kwa kidole, nikikuta ni vuguvugu nafurahi. Ikianza kunguruma kwa sauti ya juu nilishtuka nikaongeza mafuta, moshi ukazidi, ikatulia, na mimi nikatulia. Ilizimika mara nyingi, maana injini iliyosheheni mafuta namna hiyo huzimika ovyo, na kila mara nilivuta kamba tena, ikiwa baridi, ikiwa imebana. Siku moja kamba haikuvutika kabisa. Mafuta yalikuwa yamejaa juu ya pistoni, na kimiminika hakigandamiziki. Mwenye kujua angetoa plagi, akapindua gari, akavuta kamba mafuta yaruke nje. Mimi niliweka mguu kwenye bampa nikavuta kwa mikono miwili.

Mwezi haukuisha, ikaanza ugonjwa ambao wenye magari haya wanaujua: ikiwa baridi inawaka vizuri, ikipata moto ikazimika haiwaki tena. Niliizungusha kwa dole gumba ikiwa moto, ikazunguka tu, kirahisi, kama gurudumu la baiskeli. Hapakuwa na kitu kinachobana. Kumbe katika yale matangi sita ya upole, kila mzunguko pistoni ilikuwa ikigonga ule wembamba ambao haujapewa joto la kutanuka. Maelfu ya mizunguko kwa dakika, konrodi ikisukumwa na kuvutwa. Nilikuwa nausaga ubanaji wenyewe, ambao ndio uhai wa injini ya aina hii.

Kama ningeiua kwa pupa ningejua pa kuweka lawama. Ningesema nilikosa subira, ningejirekebisha. Lakini nilikuwa na subira kupita kiasi. Nilijitazama nikajikuta sina kosa lolote ninaloweza kulitaja kwa jina la dhambi, na injini imekufa.

Nimeliwaza jambo hilo sana, zaidi ya linavyostahili pengine, kwa kitu cha kuchezea. Nadhani lugha yetu ilinichangia. Kwa Kiswahili, mtu mwema ni mpole, mwendo wa taratibu ni polepole, na anayeumia tunamwambia pole. Sijui lugha nyingi, lakini kwa Kiingereza ninachokitumia kazini maneno hayo matatu hayana undugu wowote. Sisi tumeyazaa tumbo moja. Ndiyo maana ni rahisi kwetu kuamini kwamba anayekwenda polepole ni mpole, na kwamba mpole ameshatoa pole yake. Wakati mwingine ni kweli. Lakini upole unapimwa wapi? Unapimwa kwa ninavyojisikia mimi ninayeshika, au kwa hali ya kile kilichoshikwa? Niliposhtuka injini iliponguruma, aliyetulizwa na mafuta ya ziada alikuwa nani? Injini haishtuki. Joto lilinitisha mimi, nikasema linaitisha injini.

Methali zenyewe hazikubaliani. Samaki mkunje angali mbichi, tunaambiwa, na kila mwalimu niliyepitia mikononi mwake aliitumia hiyo. Lakini mhunzi hakunji chuma kibichi. Anakitia motoni kwanza. Ukimwambia akikunje kingali baridi kwa kukionea huruma atakucheka, na ukisisitiza kitakatika.

Nakaa Minnesota, kaskazini kidogo mwa Minneapolis, na kwa msomaji mkazi wa huku kuna kitabu kimoja ambacho lazima ukutane nacho: Zen and the Art of Motorcycle Maintenance cha Robert Pirsig, cha 1974. Safari yake inaanzia huku kwetu. Baba na mwanawe Chris wanapanda pikipiki moja, wanavuka Dakota, wanaishia California. Wengi wanakikumbuka kwa ile falsafa yake ya Ubora. Mimi nilipokisoma mara ya kwanza nilikamatwa na kisa cha karakana. Msimulizi anapeleka pikipiki yake iliyokwama injini, anakuta mafundi vijana, redio inapiga kelele, wanafungua vifuniko kwa nyundo na patasi, wanaharibu zaidi ya walivyokuta. Baadaye anagundua mwenyewe kwamba kilichokuwa kimekatika ni kipini kidogo katika njia ya oili. Nilichukua somo ambalo nadhani kila msomaji analichukua: kwamba ubaya wa wale mafundi ni kutojali. Walikuwepo mwilini tu.

Basi nilipoiua injini yangu somo hilo halikunisaidia. Nilijali. Redio ilikuwa imezimwa. Nilipiga magoti kwenye saruji ya baridi nikaisikiliza injini kama daktari anayesikiliza kifua, na matokeo yalikuwa sawasawa na ya mwenye nyundo.

Nikakirudia kitabu. Mara ya pili kisa cha karakana kilikuwa kurasa chache tu, na kilichonishika ni yule mtoto aliyekaa nyuma ya baba yake. Chris anaumwa tumbo lisilo na sababu, analia usiku, anakasirika, na sisi wasomaji tunajua asichoambiwa: kwamba baba yake aliwahi kulazwa hospitali ya wagonjwa wa akili na kupigwa shoti za umeme hadi akawa mtu mwingine, na kwamba mtoto anamkumbuka yule wa kwanza. Baba anadhani anamkinga. Safari nzima, maelfu ya maili, anajadili na msomaji mambo ya Ugiriki ya kale, na mtoto aliye nyuma yake sentimita chache hampi neno. Ni karibu na mwisho kabisa mtoto anapouliza moja kwa moja kama baba alikuwa kichaa kweli. Baba anajibu kwa neno moja, kwamba hapana, na mtoto anasema alijua. Kuanzia hapo mtoto ni mtu mwingine kwenye kiti kile. (Chris wa kweli aliuawa San Francisco mwaka 1979, na Pirsig aliandika juu yake katika toleo la baadaye. Nashauri usisome hayo kabla hujamaliza kitabu.)

Niliposoma ukurasa huo mara ya pili nilikifunga, kwa sababu sisi nyumbani tulikuwa tumefanya jambo lile lile, tena si muda mrefu.

Mama yangu alikuwa Voi. Mpwa wangu alizungumza naye kwenye simu kila Jumapili, kwa video, Kiswahili chake kibovu na cha nyanya yake kizuri. Yeye alimwita "mume wangu", kama bibi zetu wanavyowaita wajukuu, na mtoto alikuwa akiona haya mpaka anaficha uso kwenye mto. Mwaka juzi mwezi wa Septemba mama akaambiwa ana saratani, na imeshasambaa. Mimi na dada yangu tulikaa jikoni usiku baada ya zamu yake tukakubaliana: mtoto asishtuliwe. Tumwandae polepole. Neno lilikuwa hilo hilo, polepole, nakumbuka aliyelisema ni mimi.

Jumapili ya kwanza tulisema nyanya amelala. Ya pili mtandao wa Voi ulikuwa mbaya. Ya tatu simu yake ilikuwa imeanguka kioo kikapasuka. Tulikuwa na nia kabisa ya kuanza kumwambia, kidogo kidogo, tukisubiri siku nzuri. Mtoto alianza kugombana na wenzake shuleni, akaacha kula mezani, mama yake akasema ni umri. Zilipita Jumapili sita. Akajua akiwa kwenye basi la shule, kwenye status ya binamu yake: picha ya nyanya, mshumaa, na tarehe mbili.

Alipofika nyumbani hakulia. Aliuliza, "Tangu lini?" Tulipomwambia tangu Septemba, akahesabu kwa vidole. Nilifikiri anahesabu miezi. Alikuwa anahesabu Jumapili.

Nikisema tulimwacha akizunguka kwenye baridi sisemi kwa ajili ya kupamba. Alikuwa anajua kuna kitu. Kila Jumapili alikigonga, na kila Jumapili sisi tulilainisha kwa uongo mwingine, tukaona ametulia. Gharama yake haikuwa kilio, maana kilio kingekuja kwa njia yoyote. Gharama ni kwamba hata leo nikimwambia kitu kidogo tu, kama "mama yako kachelewa kazini", ananitazama usoni kwa sekunde moja kabla ya kukubali. Sekunde hiyo haikuwapo zamani.

Sasa, najua pingamizi, na ninaliunga mkono kwa sehemu. Mtoto si injini. Aliyechonga slivu anajua joto lake na ameliandika kwenye karatasi. Mtoto hakuja na karatasi. Aristotle alisema jiwe haliwezi kuzoeshwa kwenda juu hata ukilirusha mara elfu kumi, maana mazoea hujengwa juu ya kile ambacho kitu tayari kina uwezo wa kukipokea, na mwanadamu hupokea mengi mno hata huwezi kujua lipi ni lake. Chuma kilichosagika, nimeshasema, hakirudi. Mtoto nina tumaini naye.

Na kuna hatari nyingine ambayo inanitisha zaidi ya hiyo. Mtu akishasikia kwamba upole unaweza kuua, yuko hatua moja kutoka kusema ukali unaponya. Nilisoma shule ya bweni Kenya. Kidato cha kwanza tuliitwa mamono, na yale waliyotufanyia wakubwa usiku bwenini yalitetewa kwa maneno ambayo yangefaa kabisa kwenye kijitabu cha injini: mtoto wa mama lazima aive, apitie moto, akaze. Hakuna aliyeiva. Tulijifunza kulala na viatu chini ya mto, na mwaka uliofuata tukawafanyia wengine.

Injini yenyewe inakataa tafsiri hiyo. Joto bila mafuta huiua haraka kuliko ubaridi. Ukikaza sindano kupita kiasi, mafuta yakapungua, oili nayo imepungua, kwa sababu inasafiri humo humo; injini inapiga kelele tamu ya kasi kwa muda mfupi, joto linapanda, pistoni inakwama, na hapo ni kununua nyingine. Hata hilo jibu la pili, nililoliona la kikatili, ukilisoma vizuri halisemi iteseni. Linasema mambo mawili ambayo wakubwa wetu wa bwenini hawakuyajua. Kwanza, mafuta yabaki mengi kidogo kuliko ya mbio. Pili, na hili ndilo lililonichukua muda kulielewa, unaipasha moto kabla hujaitaka ifanye lolote. Joto linatoka kwako. Linakuja kabla ya mzunguko wa kwanza, likiwa halidai kitu.

Kwa hiyo Oktoba hii, injini ya pili. Nje nyuzi 9 za Selsiasi, na hali ya hewa kama hiyo ni tatizo, maana kichwa cha injini kina mapezi ya kupozea na upepo wa Minnesota unayafanyia kazi bila kuombwa. Tukakifunga kwa karatasi ya alumini ya jikoni. Gari tuliliweka juu ya kreti ya soda, magurudumu hewani, nje kabisa na mbali na gereji, kwa sababu methanoli ni sumu na ikishika moto mchana huwezi hata kuuona mwali wake. Mpwa wangu alishika mashine ya kupuliza hewa moto, ile ya kubandulia rangi ukutani, mimi kipimajoto cha kuelekeza. Nyuzi 40. Nyuzi 65. Alikuwa na haraka ya kuvuta kamba, nikamwambia azungushe flaiwili kwanza. Ikazunguka. Ilikuwa ile ile iliyogota mezani, na sasa ilipita kileleni kwa mkazo mdogo, kama mlango uliopakwa sabuni. Alirudia mara tatu nne. "Kumbe," akasema.

Tulipofika 90 tukaunganisha betri ya volti 1.5 kwenye plagi. Plagi za injini hizi hazitoi cheche. Ndani mna uzi wa platinamu unaowekwa mwekundu na betri, na injini ikishawaka unaiondoa betri, uzi unaendelea kung'aa wenyewe kwa mgandamizo na kwa jinsi platinamu inavyoitikia methanoli. Nilimwonyesha kuvuta kamba kwa vipande vifupi, kama shibiri moja na nusu, asiimalize. Mara ya nne ikashika.

Hakuna haja ya kuieleza sauti yake. Majirani waliijua. Nilitaka kulegeza sindano pale pale, mkono ulikuwa umeshakwenda, nikatazama kipimajoto: 98. Tulitakiwa tukae kati ya 95 na 105. Nikaurudisha mkono mfukoni. Dakika tatu, kisha tukabana mpira wa mafuta, ikazima.

Baada ya kuzima kuna kazi moja ambayo ni rahisi kuisahau. Lazima uizungushe flaiwili mpaka pistoni iwe chini kabisa. Ukiiacha juu, slivu itakaponywea kwa kupoa itaikumbatia pistoni na kuivuruga. Tulikuwa tumeweka alama kwa kalamu nyekundu. Halafu unangoja, na kungoja kwenyewe si dakika mbili: injini ipoe kabisa, ndani na nje, nusu saa hivi. Unarudia mara tano au sita. Ukijumlisha, sehemu kubwa ya kuizoesha injini kwa namna hii ni watu wawili waliokaa kwenye ndoo zilizopinduliwa wakikitazama kitu kisichofanya lolote.

Ngojea ya kwanza alicheza na simu. Ya pili aliuliza kwa nini tusiiache tu iendelee, nikamweleza kuhusu slivu kutanuka na kunywea, akasema sawa. Ya tatu alikuwa anabandua ukingo wa ile karatasi ya alumini kwa ukucha, hakunitazama.

"Nyanya aliumwa sana?"

Nilisikia neno likinijia lenyewe. Alilala tu. Lilikuwa tayari mdomoni, limepoa, laini. Dada yangu hakuwapo, na tulikuwa tumekubaliana kwamba maswali ya namna hiyo tutayajibu pamoja. Niseme hapa kwamba nilipomweleza usiku huo alikasirika, na ana haki yake, na mpaka leo hatujalimaliza.

Nikamwambia ndiyo, wiki mbili za mwisho aliumwa sana. Dawa zilimpa usingizi lakini si wakati wote. Nikamwambia na lile jingine, ambalo hakuuliza na ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote ila dada. Kwamba Jumapili ile tuliyosema kioo kimepasuka, simu ilikuwa nzima. Nyanya alikuwa ameomba amwone. Alisema, niletee mume wangu nimwone. Mimi ndiye nilisema hapana, kwa sababu alikuwa amekonda, na niliogopa mtoto ataogopa.

Alinyamaza. Aliokota kipimajoto akakielekeza kwenye injini.

"Thelathini na moja," akasema.

"Bado."

Gari la takataka lilipita, likasimama kwa jirani, likaondoka. Alipima tena, ingawa hapakuwa na maana, ilikuwa 30.

"Alisema nini kingine?"

"Aliuliza kama bado unakula ugali kwa kijiko."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ndiyo."

"Anko!" Uso ulikuwa umeiva kwa haya, kama zamani, na macho yalikuwa yamejaa. "Si ungemdanganya."

Tulikaa mpaka ikafika 12. Akainuka, akazungusha flaiwili kwa dole gumba, ikagota pale pale ilipogota asubuhi, akatikisa kichwa kuonyesha iko sawa. Akafunga upya karatasi ya alumini, akawasha mashine ya hewa moto, akaniambia nisogee kidogo nilikuwa nazuia waya.